Mordekai Alipita Uani

Kabla ya kukikosoa kipindi, tukiri kwamba tulikitazama. Tulikitazama wengi, na si mara moja. Hapa Chilangala king'amuzi hakipo katika kila nyumba, kwa hiyo jioni ya kipindi tulikuwa tukikusanyika kwa mwenye nacho: akina mama wamejifunika kanga, vijana wamesimama mlangoni, watoto waliokwisha kuambiwa wakalale wamejificha nyuma ya viti. Sisi tuliosoma masomo kanisani asubuhi ndio tuliopiga kelele usiku, "Zima taa, binti! Huyo hakufai!" Mzee mmoja wa kanisa, ambaye Jumapili hatikisi hata kichwa kwaya inapoimba, tulimwona ameshika tama kwa sababu binti aliyekuwa akimtakia heri ameachwa amesimama peke yake.

Kipindi chenyewe ni Hello Mr Right cha StarTimes, kilichofanywa kwa washiriki wa Kenya na wa Tanzania. Kwa asiyekijua, mambo yake ni mepesi. Wasichana husimama kwa safu, kila mmoja ana taa mbele yake. Mwanamume huingia, hujieleza, huulizwa maswali. Binti asiyemtaka huzima taa yake. Taa zote zikizimika, mwanamume huondoka kama alivyokuja. Zikibaki zinazowaka, zamu ya kuchagua huwa yake. Muziki hupigwa, watu hushangilia, wawili hutoka wameshikana mikono, na mwingine huingia.

Tuliwasikia washiriki wakisema wanatafuta mtu mcha Mungu. Walisema hivyo kwa sauti ileile waliyotumia kusema wanamtaka mrefu, au mwenye kazi, au asiyekunywa pombe. Hapo ndipo sisi wachache tulipoanza kuulizana, tukirudi nyumbani gizani, swali ambalo limetufikisha kwenye makala haya: je, mtu wa imani anaweza kwenda kutafuta mwenzi mahali kama pale, na akatoka na imani yake?

Jibu la haraka, tunalolisikia mara nyingi, ni kwamba haiwezekani, na kwamba hata kuuliza ni dhambi. Sisi hatuko tayari kulisema hilo. Kwanza, kipindi kile kina jambo moja ambalo wazee wetu wengi walikosa: binti anaulizwa. Taa iko mkononi mwake. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, baada ya mtumishi wa Ibrahimu kumaliza maelezo yote na zawadi zote, nduguze Rebeka walimwita wakamwuliza mwenyewe kama atakwenda na mtu yule. Bibi zetu wangapi waliitwa na kuulizwa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na ilipofika mwaka 2016 ndipo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilipotamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaliunga mkono jambo hilo mwaka 2019. Kwa hiyo atakayesema kwamba uchumba wa zamani ulikuwa mtakatifu na huu wa televisheni ni wa shetani, tunamwomba akae chini kwanza.

Pili, vijana wetu wana shida ya kweli. Kijana wa hapa atakutana wapi na mchumba wa imani yake? Kwenye msiba, ambako si adabu kuzungumza mambo hayo. Kwenye harusi, ambako kila mtu amevaa nguo ya kuazima. Kwenye foleni ya kupima korosho ghalani. Washenga waliokuwa wakijua familia zote kuanzia hapa hadi Newala mjini wamezeeka, na hatukuwafundisha wengine. Tunawaambia vijana waombe, nao wanaomba, kisha wanawasha televisheni. Na televisheni yenyewe haikuja kwa bahati mbaya. Mwaka 2015, katika mkutano wa China na Afrika uliofanyika Johannesburg, China iliahidi kufikisha televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, na StarTimes ndiyo iliyoifanya kazi hiyo, Tanzania ikiwamo. Madishi yamefika mahali ambapo mshenga hafiki tena.

Mtindo wa safu ya wasichana na taa unafanana sana na ule wa kipindi cha China kilichoanza mwaka 2010 katika televisheni ya mkoa wa Jiangsu. Kule mabinti walikuwa 24. Mwaka ule wa kwanza kijana mmoja asiye na kazi alimwuliza binti kama angekubali kupanda naye baiskeli, naye akajibu kwamba ni afadhali alie akiwa ndani ya gari la BMW. Jibu hilo lilizunguka nchi nzima, wengine wakicheka, wengine wakikasirika, na wakubwa wa serikali wakaingilia kati wakaweka masharti. Kuna jambo moja lililofanyika baada ya hapo ambalo sisi tumelitafakari sana: walimleta jukwaani mwalimu wa saikolojia, mwanamke mtu mzima kutoka chuo cha chama cha mkoa, akae pale na kusema neno la busara kati ya taa na taa. Maana yake, hata watu ambao hawakuwa wakifikiria habari za Mungu waliona kwamba pale pamepungua mtu mzima.

Sasa tufungue kitabu cha Esta. Tumekisoma mara nyingi kama habari za Hamani na mti aliojitayarishia mwenyewe. Tusome sura ya pili taratibu. Mfalme Ahasuero, mwenye majimbo 127, amemfukuza mkewe Vashti, na watumishi wake wanashauri wakusanywe wasichana wazuri kutoka kila jimbo. Wanawekwa katika nyumba moja chini ya msimamizi, Hegai. Wanapakwa mafuta ya manemane miezi sita, na manukato miezi sita mingine. Kila mmoja anapewa anachotaka avae, anaingia kwa mfalme jioni, anatoka asubuhi, na harudi tena mpaka atajwe kwa jina. Mwanamume mmoja, wanawake wengi, nyumba iliyofungwa, mapambo, usiku, na mmoja anayevikwa taji. Tuseme ukweli: watunga vipindi wa leo hawakubuni lolote. Tofauti kubwa ni kwamba wasichana wale hawakujaza fomu. Walichukuliwa.

Na ndani ya nyumba ile alikuwamo binti wa Mungu. Maandiko hayasemi kwamba alipiga kelele au alikataa mafuta. Hayasemi hata kwamba aliitangaza imani yake, kwani Mordekai alimwagiza asiseme kabila lake. Sisi tunaopenda kumpima Mkristo kwa jinsi anavyolitaja jina la Bwana mbele ya kamera, hapa tumenyamazishwa. Mtu anaweza kumtaja Mungu jukwaani kila dakika akawa anajipamba tu, na mwingine akanyamaza mwaka mzima akawa bado ni wake.

Ila kuna mstari mmoja, wa 11, ambao ndio uliotufanya tuandike. Kila siku Mordekai alipita mbele ya ua wa nyumba ya wanawake apate kujua Esta hajambo na mambo yake yanakwendaje. Kila siku, miezi 12. Hakuweza kuingia. Hakuweza kuzuia lolote. Alikuwa binamu aliyemlea yatima, na alichoweza kufanya ni kupita tu. Ile ilikuwa kamba, nyembamba lakini haikukatika. Hatari ilipokuja baadaye, ujumbe ulipita njia ileile, na Esta alipoamua kuingia kwa mfalme bila kuitwa aliomba Wayahudi wote wa Shushani wafunge siku tatu pamoja naye. Hatujasoma mahali popote kwamba Esta alilinda imani yake peke yake.

Hii ndiyo hoja yetu juu ya vipindi vya wachumba, vya kwetu na vya mbali. Watu husema ubaya wake ni mavazi, au busu, au fedha. Hayo yapo, lakini yapo pia sokoni. Sisi tunaona kwamba kosa lake kubwa ni kumwondoa Mordekai uani na kumweka mtazamaji mahali pake. Mtazamaji naye anatazama kila siku, pengine kwa makini kuliko Mordekai. Lakini mambo yakiharibika hapotezi kitu. Tena yakiharibika, ndipo anapofurahia kipindi.

Tutazame Marekani, ambako vipindi hivi ni vikubwa na Wakristo wameingia humo kwa wingi bila kujificha. Kipindi kiitwacho The Bachelor kilianza mwaka 2002: mwanamume mmoja, wanawake 25 hivi, na kila wiki wengine wanapewa ua la waridi na wengine wanarudishwa kwao. Washiriki hukabidhi simu zao. Hakuna mama wa kumpigia, hakuna mchungaji, hakuna gazeti. Wazazi huonekana karibu na mwisho, jioni moja, na kamera zikiwapo. Kisha wanapobaki wanawake watatu, mwanamume hupewa nafasi ya kulala faragha na kila mmoja wao kwa zamu.

Mwaka 2020 alikuwamo msichana Mkristo, Madison Prewett, aliyekuwa amejitunza mpaka ndoa. Kabla ya wiki ile alimwambia mwanamume, Peter Weber, kwamba itakuwa vigumu kwake kuendelea ikiwa atalala na wale wengine. Akalala nao, naye Madison akaondoka. Wengi wetu tungempigia makofi hapo, na tunampigia. Lakini tazama kipindi kilivyolitumia neno lake. Nadhiri yake ilikatwa vipande vipande, ikawekwa mwisho wa sehemu moja ili watu warudi wiki ijayo kuona kama itavunjika. Akarudi tena baadaye, mama wa yule mwanamume akalia mbele ya taifa kwa kuwa alimtaka msichana mwingine, na uchumba uliotafutwa kwa kelele zote zile ukafa siku chache baada ya kipindi kwisha. Imani yake alitoka nayo, tunaamini. Mwaka 2022 aliolewa na mtu mwingine kabisa, nje ya kipindi. Lakini jambo lake la siri na Mungu lilikuwa limekwisha kuuzwa pamoja na matangazo ya sabuni.

Mwaka mmoja kabla yake, katika kipindi ndugu ambamo mwanamke ndiye anayechagua, Hannah Brown na Luke Parker waligombana juu ya jambo hilohilo. Wote wawili walijiita Wakristo. Luke alimwambia kwamba ikiwa amelala na wanaume wengine mle, yeye anaondoka. Hannah alikasirika, akamfukuza, akasema kwamba Yesu bado anampenda. Tulipolijadili hili kikundi chetu kiligawanyika. Wanaume wengi walikuwa upande wa Luke mwanzoni. Mama mmoja akauliza: yule kijana, kabla ya kuuliza swali lile, alikwisha kumbebea yule binti mzigo gani? Maana swali la namna hiyo linaulizwa na mtu mwenye haki ya kulia jibu likiwa baya. Luke alikuwa anauliza kama mkaguzi. Na Hannah alisema neno la kweli, kwamba Kristo hamwachi mwenye dhambi, lakini alilisema kama ngao ya kumpigia mtu, si kama mtu anayepumzika ndani yake. Hatukukubaliana mpaka mwisho. Tulilokubaliana ni kwamba Wakristo wawili walikuwa wanapigana na hapakuwa na mtu wa tatu wa kuwaambia, kaeni.

Kwa haki tutaje na aliyefanikiwa. Sean Lowe, Mkristo naye, aliyekuwa mwanamume wa kuchagua mwaka 2013, alimwoa Catherine Giudici Januari 2014, nayo harusi ikaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Mpaka leo wana ndoa na watoto. Mungu hazuiwi na kamera, kama ambavyo hakuzuiwa na nyumba ya Hegai. Na kwa upande mwingine tusisahau wa kwetu: mwaka 2007 Mtanzania Richard Bezuidenhout alishinda Big Brother Africa na dola 100,000. Alikuwa na mke nyumbani, na ukaribu wake na mshiriki kutoka Angola ulionekana bara zima. Tulimshangilia kwa bendera. Hatukumbuki hata mmoja wetu aliyesema neno juu ya mkewe aliyekuwa akitazama kama sisi.

Kuna mtu atakayesema: hata kanisa linatangaza uchumba mbele ya watu. Ni kweli, na hoja hiyo ni nzuri. Jumapili tatu padre anasimama na kuwataja wawili kwa majina, kwa baba zao na vijiji vyao. Sheria ya nchi nayo inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Boazi alipotaka kumwoa Ruthu hakujificha, alikwenda langoni akawaketisha wazee kumi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mapenzi ni ya gizani na kipindi kimekosea kuyatoa nje. Mapenzi ya Kikristo ni ya hadharani. Lakini padre akimaliza kusoma majina huuliza kama yupo anayejua kizuizi. Anatuuliza sisi. Aliyekaa kwenye benchi anageuka kuwa shahidi, na shahidi anaweza kuitwa tena miaka 10 baadaye, wawili wakigombana, aulizwe, wewe ulikuwapo, ulisema nini? Mtazamaji wa televisheni haitwi.

Turudi kidogo kisimani kwa Rebeka, maana sisi wa nyanda za juu za Makonde tunaisoma habari ile tofauti na watu wa mabondeni. Mtumishi wa Ibrahimu naye aliweka jaribio. Alisimama akimtazama binti kimya ajue kama Bwana amefanikisha safari yake. Jaribio lilikuwa maji: binti atakayempa maji yeye, na kuwanywesha ngamia pia, ndiye. Ngamia walikuwa kumi. Ngamia mwenye kiu aweza kunywa lita 100. Basi hesabuni wenyewe: hizo ni ndoo 50 za lita 20. Mama zetu, ambao kabla ya mabomba kufika walishuka mteremko alfajiri na kupanda jua likiwa kali na ndoo moja kichwani, ndio wanaojua ndoo 50 ni nini. Kumjua Rebeka kulichukua muda wa kutosha ngamia kumi kushiba. Taa ya kwenye kipindi huzimwa mwanamume akiwa bado hajamaliza kutaja jina.

Tunafika sasa kwenye jambo letu, ambalo tungependa kuliruka.

Mwaka ule korosho zilipopata bei, vijana wa mtaa wetu walikuja kwa kamati na wazo la kuchangia mabati ya kanisa. Watafanya shindano la wachumba kama lile la televisheni. Wasichana wanane wa kwaya watasimama mbele na tochi za simu, wavulana wataingia mmoja mmoja, kiingilio shilingi 1,000. Tulicheka, tukakubali. Tena tulijisifu. Tulisema: Askofu Vincent Lucas, aliyefika Masasi mwaka 1909 na kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi mwaka 1926, hakulipiga marufuku jando la watu wa hapa, aliliingiza kanisani, likawa jando la Kikristo. Basi na sisi tutaliingiza la televisheni. Hoja ilionekana safi. Hatukuona tulichokuwa tunakiacha nje. Lucas alipolichukua jando aliondoa aliyoyaona hayapatani na Injili, akawabakiza wazee, mafundisho, na wale wanaokaa na mvulana usiku anapougua kidonda. Sisi tulichukua taa na muziki.

Ukumbi ulijaa. Wavulana wawili wa kwanza walipita vizuri, taa zikabaki, watu wakapiga vigelegele. Wa tatu alikuwa mwimbaji wetu wa sauti ya besi, kijana anayepalilia mikorosho ya watu na kumtunza mama yake. Alijieleza kwa ufupi. Binti mmoja akamwuliza ana simu gani. Akaitoa mfukoni, ilikuwa kiswaswadu, imefungwa kwa mpira. Tochi saba zilizimwa kwa pamoja kabla kicheko hakijaisha, na ya nane ikafuata. Mshereheshaji akasema kwamba hata TANESCO huwa hawakati umeme wa mtaa mzima namna hiyo. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kijana naye alicheka, akainama kama wanavyoinama kwenye televisheni, akatoka. Njomba wake, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kusimama katika habari za kuoa kwake, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Alicheka pamoja nasi.

Tulipata zaidi ya laki nne.

Jumapili iliyofuata besi haikuwapo. Tukasema ana shughuli. Jumapili ya pili mwalimu wa kwaya akamweka mtu wa teno aimbe besi, ikawa kama unavyoweza kudhani. Ilipofika ya nne ndipo watatu kati yetu walipokwenda kwao. Alitupokea vizuri mno. Alitukaangia korosho, akatuuliza habari za wajukuu. Juu ya ile jioni hakusema kitu, wala sisi hatukuwa na ujasiri wa kuianza. Tulipokuwa tunaaga ndipo aliposema, akiwa anatazama chini, "Kule kwenye televisheni wanaokuzimia taa hawakujui. Mimi wale nimepata nao kipaimara."

Baadaye tulizungumza na mabinti pia, si kwa kuwashitaki. Mmoja alituambia kwamba yeye hakutaka kuzima. Anamjua kijana yule tangu darasa la kwanza na hana neno naye. Lakini alipoona saba zimezimwa, aliogopa kubaki anawaka peke yake mbele ya watu wote. Tuliposikia hivyo tulinyamaza. Tulikuwa tumekaa mwaka mzima tukisema kipindi kile kinafundisha vijana tamaa. Kumbe siku ile, ndani ya ukumbi wetu, tukiwa na sala ya kufungulia na sala ya kufungia, kilikuwa kinawafundisha woga, na walimu tulikuwa sisi.

Njomba wake alisema alidhani ni mchezo. Hatumlaumu, maana na sisi tulidhani hivyo.

Mwaka huu vijana wameomba tena, kwa kuwa paa halijakamilika na bado yanatakiwa mabati 38. Kamati imekutana mara mbili. Mmoja wetu alipendekeza kwamba badala ya shindano pawe na jioni ya kuwasikiliza wenye ndoa za miaka mingi wakieleza walivyokutana, na nani alikuwa mshenga, na walipogombana nani aliitwa. Vijana walisikiliza kwa heshima, kisha wakasema hakuna atakayelipa elfu moja kwa ajili hiyo. Pengine ni kweli. Akina mama wawili wameanza kazi ya ushenga bila kuomba ruhusa ya kamati, na tayari wanalalamikiwa.

Kijana hajarudi kwaya. Huja Misa ya asubuhi, hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na hutoka kabla ya matangazo. Jumapili iliyopita tuliona njomba wake ameacha kiti chake cha mbele, amekwenda kukaa kule nyuma naye.